Jeni kwenye kifuko cha maharage: somo la vitendo kwa Kidato cha Sita

Muulize mwanafunzi wa Kidato cha Sita nini hubadilisha uwiano wa jeni katika jamii ya viumbe. Atakutajia uteuzi asilia, uhamaji, mutesheni (badiliko kwenye DNA) na bahati nasibu bila kupumua. Mwambie akuonyeshe uwiano huo ukibadilika, ananyamaza. Hapa Tanga nafundisha mada hii kwa maharage.

Hatua ya 1: Andaa jamii. Nunua pale Ngamiani maharage meupe na mekundu yanayolingana ukubwa. Yakipishana, vidole vitachagua makubwa bila wewe kujua. Tia kifukoni meupe 80 na mekundu 20. Kila harage ni aleli, yaani toleo moja la jeni: jeupe ni A, ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya kawaida, jekundu ni S, ya selimundu. Uwiano wa S ni 20 kwa 100, yaani 0.2.

Hatua ya 2: Oanisha. Jozi moja ni mtu mmoja. Kwa kanuni ya Hardy na Weinberg ya mwaka 1908, inayokadiria idadi ya kila aina ya jozi kutokana na uwiano wa aleli, katika watu 50 tunatarajia AA 32, AS 16 na SS 2. Mara ya kwanza zipange jozi hizo mezani kwa mkono. Ukichota bila kuangalia, namba zitayumba na darasa litabishania bahati badala ya kuona uteuzi. Sasa hesabu mekundu: 16 na 4, bado 20. Kuoana kwenyewe hakujapunguza kitu, ingawa wengi huamini aleli iliyofichwa na mwenzake hupotea yenyewe.

Hatua ya 3: Ondoa SS, yaani wenye ugonjwa wa selimundu. Darasani anaweza kuwemo mwenye selimundu, kwa hiyo sema wazi mapema: huu ni mfano wa enzi za kabla ya tiba, leo wengi wanakua na kuzaa. Ondoa jozi zote mbili. Yamebaki maharage 96, mekundu 16. S imeshuka hadi 0.167.

Hatua ya 4: Leta malaria. Hapa usiharakishe. Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Basi rudisha jozi zote 50, ondoa SS 2 kama mwanzo, kisha ondoa na AA 8, robo ya wale 32, kwamba malaria imewaua utotoni. Zimebaki AA 24 na AS 16: maharage 80, mekundu 16. Gawanya. Ni 0.2 ileile! Aleli inayoua inabaki palepale kizazi hadi kizazi, kwa sababu ya wale AS. Waache wapige hesabu wenyewe, usiwatajie jibu.

Kisha punguza vifo, tuseme vyandarua vimeenea. Ondoa AA 4 tu badala ya 8. Mekundu 16 kwa 88, takribani 0.18: S imeanza kushuka.

Hatua ya 5: Bahati nasibu. Rudisha maharage yote 100 kifukoni, funga macho, chota 10. Hao ndio waanzilishi wa kijiji kipya. Takribani mara 1 katika 10 hutapata jekundu hata moja, na S itakuwa imetoweka bila ugonjwa wowote. Mfano halisi wa waanzilishi wachache ni ule ua wa Usambara unaopandwa vyunguni duniani kote. Mbegu zilitumwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Usambara, na maua ya kwanza kuuzwa Ulaya yalitokana nazo.

Hatua ya 6: Uhamaji. Ongeza meupe 25 kwenye yale 100, kama familia zilizoshuka kutoka milimani kusiko na malaria nyingi. S inakuwa 20 kwa 125, yaani 0.16, na hakuna aliyekufa.

Mutesheni inachukua dakika moja: badilisha jeupe moja kwa jekundu. Uwiano unasogea kwa 0.01 tu, na hata hiyo ni kwa sababu kifuko chetu ni kidogo. Kwenye jamii ya maelfu hungeona tofauti. Ila jekundu la kwanza kabisa lilitoka huko: herufi moja ya DNA ilibadilika, na valini ikakaa mahali pa asidi ya glutamiki (zote ni asidi amino, vijenzi vya protini) kwenye himoglobini.