Somo: Namna ya kusoma lawama zilizofichwa katika vitabu vya Edo vya jalada la manjano

Kibyoshi ni vitabu vidogo vya hadithi vilivyouzwa Edo, Tokyo ya leo, tangu 1775. Kila ukurasa ni mchoro, na maneno yamebanwa kwenye nafasi zilizobaki. Wengi huviona vichekesho vitupu, na inaniuma, maana baadhi vilimsema mtawala kwa mafumbo. Tutumie kitabu cha Hoseido Kisanji cha 1788, Bunbu nido mangoku toshi.

Hatua ya 1: Tazama mwaka. Amri ya 1722 ilikataza kuchapa habari za ukoo wa Tokugawa, uliotawala Japani, ikataka pia kila kitabu kiwe na jina la mwandishi na la mchapishaji. Mambo ya leo yakavishwa nguo za kale. Jiulize basi: kabla kitabu hakijatoka, nini kilitokea? Mwaka 1787 Matsudaira Sadanobu alishika serikali, akawahimiza samurai warudie elimu na silaha.

Hatua ya 2: Mtafute wa leo ndani ya wa kale. Kisanji anatupeleka Kamakura, makao ya watawala wa karne ya 12. Mtawala Yoritomo anamwagiza shujaa wake Hatakeyama Shigetada awachambue samurai, wa elimu huku, wa silaha kule. Wengi hawafai huku wala kule. Ni wazembe, na wanaishia kustarehe kwenye chemchemi za moto za Hakone.

Hatua ya 3: Soma nguo kabla ya maneno. Usiiruke hatua hii. Shigetada amevaa ua la mplamu, nembo ya ukoo wa Sadanobu. Maandishi hayamtaji popote. Kanzu ndiyo inayomtaja. Msomaji wa Edo alizijua nembo za wakubwa, kwa hiyo fumbo lilifumbuka papo hapo.

Hatua ya 4: Ifuate amri hadi mwisho wake. Mwaka 1789 mwandishi mwingine, Koikawa Harumachi, alitoa kitabu kilichoyadaka maneno ya Sadanobu mwenyewe. Sadanobu alikuwa ameandika kwamba kutawala ni kama kurusha tiara. Katika hadithi, watu wanatoka na kurusha tiara kwelikweli, wakiamini nchi itatengemaa. Kwangu mimi hakuna ukurasa mkali kuliko huo: amri imetiiwa yote, na hakuna kilichorekebika.

MASWALI YA WANACHAMA

Je, waliadhibiwa?
Ndiyo. Kisanji, mtumishi wa bwana wa jimbo la Akita, aliacha kuandika kibyoshi. Harumachi aliitwa na Sadanobu, akajibu kuwa anaumwa, akafariki mwaka huohuo. Wapo wanaoshuku alijiua. Mwaka 1790 kanuni za vitabu zikakazwa. Mwaka 1791 mwandishi Santo Kyoden alifungwa pingu siku 50 kwa vitabu vya mitaa ya starehe, na mchapishaji wake, Tsutaya Juzaburo, akanyang'anywa nusu ya mali.

Walitaka serikali ing'oke?
Sioni hivyo. Kisanji na Harumachi walikuwa samurai, wakila posho ya mabwana zao. Walichokosoa ni amri inayodhani mtu hubadilika kwa kuamriwa. Haki ya Tokugawa kutawala hawakuigusa. Hata hivyo kumchora kiongozi mkuu akiwa na nembo yake kifuani kulihitaji moyo.

Sijui Kijapani. Nianzie wapi?
Anza na michoro. Tafuta nembo mabegani na kifuani, linganisha na nembo za koo za wakati ule, kisha ndipo utafute tafsiri ya maneno.