Kumlisha mtoto njiti akishatoka hospitali: kipimo cha maziwa, madini ya chuma na uji wa dagaa

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 huitwa njiti. Wiki za mwisho tumboni ndipo mtoto hujaza mafuta chini ya ngozi, hujiwekea akiba ya madini ya chuma, na ubongo wake hukua kwa kasi. Akiwa na wiki 34, ubongo una takriban theluthi mbili tu ya uzito ambao angezaliwa nao kama angetimiza miezi. Kazi iliyobaki inafanyika nje, na malighafi yake ni maziwa.

Mtafiti Alan Lucas na wenzake wa Uingereza walifuatilia watoto njiti waliozaliwa miaka ya 1980. Waliopewa maziwa ya kopo yenye lishe hafifu kwa takriban wiki 4 za mwanzo walikuwa nyuma katika vipimo vya akili wakiwa na miaka 7 hadi 8, hasa wavulana. Wapo wanaosikia hayo wakakimbilia dukani. Wasikimbie: pale kopo la kawaida lilishindanishwa na kopo lenye lishe zaidi, si na titi. Timu hiyohiyo iliona kwamba waliopata maziwa ya mama zao walifanya vizuri zaidi. (Na ule usemi wa mitaani kwamba wa miezi saba hupona kuliko wa miezi minane, uacheni. Kila wiki anayokaa tumboni inamsaidia.)

Tuanze na kipimo. Siku za kwanza wodini huanzia kama mililita 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha hupandishwa kidogo kidogo. Akishazoea, shabaha ni mililita 160 kwa kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 1.8 anahitaji 1.8 × 160, yaani mililita 288 kwa usiku na mchana. Gawanya kwa milo 8, kila baada ya saa 3, upate mililita 36: vijiko 7 vya chai vya mililita 5, na tone juu. Anayecheua sana mpe milo 12 ya mililita 24, kila baada ya saa 2. Tumbo dogo likijazwa kwa pupa hurudisha. Piga hesabu upya kila anapopimwa uzito. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni mama kubaki na kipimo alichopewa siku ya kuruhusiwa, mtoto ameshaongezeka nusu kilo. Usiku usisubiri alie. Njiti hulala njaa kimya, sukari inashuka, na hana nguvu ya kudai.

Kukamua kunafanyika angalau mara 8 kwa siku, na moja ya hizo iwe usiku wa manane, la sivyo maziwa yanapungua. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu, utaumia na maziwa hayatoki. Dakika 3 hadi 5 titi moja, hamia la pili, rudi tena, mpaka ifike dakika 20 hadi 30. Kwa joto la Kigoma, maziwa yaliyo nje ya friji yatumike ndani ya saa 4.

Ukikamua mengi kuliko anayohitaji na bado haongezeki uzito, tenganisha: ya dakika za mwanzo kikombe kimoja, ya mwisho kikombe kingine. Ya mwisho yana mafuta zaidi. Anza na hayo.

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja karibu na wiki 32 hadi 34 zikihesabiwa tangu mimba. Kabla ya hapo ni mpira wa puani, na hiyo ni kazi ya wodi. Kwa kikombe, mkalishe akiwa ameegemea, si amelala chali. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, maziwa yafike tu midomoni, arambe mwenyewe. Ukimmiminia yataingia njia ya hewa. Chupa ya chuchu iache: ni vigumu kuisafisha na huharibu unyonyaji. Maji, glukosi, maziwa ya ng'ombe au mbuzi na dawa za tumbo za kienyeji havina nafasi kabla ya miezi 6.

Joto nalo ni lishe. Watu husema Kigoma hakuna baridi, lakini mwili usio na mafuta huchoma maziwa kujipasha badala ya kukua. Mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia, nepi na soksi tu, umfunge kwa khanga au kitenge, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Ukichoka, baba au bibi apokee.

Akishafidia uzito aliopoteza siku za mwanzo, aongezeke gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku. Wa kilo 1.8 ni gramu 27 hadi 36, karibu gramu 200 kwa wiki. Akiwa chini ya hapo, angalia kwanza idadi ya milo, halafu baridi, halafu ugonjwa. Tumbo likivimba na kukaza, akitapika kijani au choo kikiwa na damu, usimpe chochote. Huenda utumbo umeharibika. Nenda upesi kituo cha afya ili apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, akiwa kifuani njia nzima. Pumzi ikikatika, midomo ikiwa ya bluu au akiacha kunyonya, nenda vilevile, hata kama ni usiku na mnategemea mtumbwi.

Madini ya chuma hayatoshi kwenye maziwa ya mama kwa mtoto asiye na akiba. Kipimo cha kawaida kwa waliozaliwa wadogo sana ni miligramu 2 hadi 4 kwa kilo kwa siku, kuanzia wiki ya 2 hadi miezi 6. Matone hutofautiana nguvu, kwa hiyo muulize mhudumu ni mililita ngapi, usikadirie. Usikate vidonge vya damu ulivyopewa wakati wa ujauzito. Choo kitakuwa cheusi. Hilo si tatizo.

Maendeleo yake yahesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyetangulia wiki 8, akiwa na miezi 6 ya kalenda, mlinganishe na wa miezi 4. Endelea hivyo hadi miaka 2. Chanjo hufuata umri wa kalenda, tangu alipozaliwa. Kwa umri unaohesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa, kama miezi 9 imepita hakai mwenyewe, au miguu inakakamaa, apelekwe kuonwa. Usisubiri kwa kuwa alizaliwa kabla ya wakati.

Chakula huanza akishikilia shingo, akikaa kwa kuegemezwa na ulimi hausukumi kijiko nje, wengi kati ya miezi 5 na 8 tangu kuzaliwa. Amua pamoja na kliniki. Uji mzito unaokaa kwenye kijiko, vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mlo. Dagaa wa ziwani wasio na chumvi: osha mchanga, kaanga bila mafuta, saga, chekecha, kijiko kimoja cha chakula kwa bakuli dogo. Ongeza kijiko cha chai cha mawese mekundu. Yaliyochomwa hadi yakapauka yamepoteza vitamini A. Samaki wa ziwani aitwaye mgebuka, aliyechemshwa na kupondwa, ni mzuri pia, ila pitisha vidole mara mbili kutafuta miiba. Unga wa lishe wa nafaka kumi hatuupendi: nafaka moja na jamii moja ya kunde inatosha, na karanga au mahindi yenye ukungu tupa, maana sumukuvu haitoki kwa kupika. Uji wa muhogo mtupu humjaza tumbo bila kumjenga.