Kutunza jeraha la kinena baada ya kubadilishiwa vali ya moyo kwa katheta

Mgonjwa anayerejea Mtwara au Lindi baada ya kuwekewa vali (mlango wa damu ndani ya moyo) kwa katheta, yaani mrija mwembamba, kupitia ateri ya paja, mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni, huwa na kidonda kidogo kwenye ngozi, lakini tundu lililopitisha vifaa ndani ya ateri lilikuwa na upana wa milimita kadhaa, na ndiyo maana kinena kinahitaji uangalizi kama moyo wenyewe.

Tazama kinena kila asubuhi penye mwanga. Weusi wa ngozi unaoshuka pajani ni wa kawaida. Uvimbe unaokua, au unaodunda chini ya kidole, si wa kawaida. Linganisha pia miguu yote miwili, kwani mguu uliopoa, uliopauka au wenye ganzi unaweza kuwa umekosa damu.

Damu ikitoka, mlaze mgonjwa chali, kisha kandamiza kwa nguvu juu kidogo ya kidonda, kwa sababu tundu la ateri liko juu kuliko la ngozi. Shikilia dakika 10 bila kuchungulia (kuchungulia ndiko huharibu kazi), huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali, si bodaboda.

Damu inayovujia ndani haionekani: maumivu ya mgongo au ubavu upande uliotobolewa, pamoja na jasho baridi na kizunguzungu, yanatosha kumpeleka hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) hata usiku.

Ndoo ya maji ibebwe na wengine kwa siku zote ambazo mgonjwa ameelekezwa asinyanyue vitu vizito, na dawa za kuzuia damu kuganda zisiachwe bila daktari kusema.