Kisu cha Kukunja cha Zamani kwa Kazi za Zizini

Mfugaji wa Pemba anayefunga ng'ombe wake kwa kamba chini ya minazi na kuwahamisha malisho asubuhi na jioni hawezi kutoka nyumbani bila ya kisu. Kwa kazi hiyo nakiamini zaidi kisu cha kukunja cha zamani, chenye chuma cha kaboni, kuliko vile vipya vya bei rahisi vinavyong'aa dukani, kwa sababu chuma hicho hushika makali upesi juu ya kinoo cha kawaida. Adui yake ni kutu, nayo kwetu haisubiri mvua. Upepo wa bahari peke yake unaitosha.

Unapokiona kwa muuza vitu vikuukuu, usianze kutazama makali, kwani makali hurudishwa. Anza na kiungo. Kifungue, ushike mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa ubapa kwa mwingine, kisha uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, kiache. Springi nayo iwe na nguvu na ifunge kwa mlio mkavu, maana visu vingi vya aina hii havina kufuli, na ni springi pekee inayouzuia ubapa usikuangukie vidoleni. Niliwahi kununua kimoja kwa kupendezwa na mpini wake wa pembe, na siku ya pili kikajifunga nikikata kamba, kikanichana kidole cha shahada. Tazama pia upana wa ubapa, kwani ulionolewa miaka mingi hubaki mwembamba kama jani la mchaichai na hauna umri tena.

Kisu cha Opinel cha Ufaransa, kinachotengenezwa tangu 1890, kiliongezwa pete ya kuzuia ubapa mwaka 1955, na chenye pete ni salama zaidi. Mpini wake wa mti huvimba wakati wa masika hata ubapa ukakwama. Ukaushe kivulini, usiulazimishe.

Hata hivyo, muundo unaofaa zizini kuliko yote ni ule ambao Wamarekani huuita stockman, wenye bapa tatu. Mrefu wenye ncha kali ni wa kazi za kila siku. Wa pili una makali yaliyonyooka na hauna ncha ya kuchoma. Ndama akijizungusha mnazini hadi kamba ya usumba ikamkaba shingo, huo ndio wa kuutoa: upenyeze taratibu kati ya kamba na ngozi, mgongo wake ukigusa shingo na makali yakitazama nje, kisha ukate kwa kuvuta kuelekea nje, huku mkono wa pili ukimtuliza mnyama. Wa tatu, wenye ncha ya mviringo, ulitengenezwa kwa kuhasi madume. Kazi hiyo mwachie bwana mifugo.

Kisu kilichokaza kwa kutu kitilie matone ya mafuta ya cherehani kwenye kiungo, ukiache usiku kucha, kisha ukifungue na kukifunga mara nyingi huku ukifuta uchafu mweusi unaotoka. Usikiloweke majini, kwani mpini wa mfupa au pembe hupasuka. Kutu nyekundu iondoe kwa msasa laini uliotiwa mafuta, lakini ile rangi ya kijivu iliyotanda juu ya chuma iache, kwa sababu inasaidia kuzuia kutu mpya.

Unapokinoa, lowesha kinoo, inua mgongo wa ubapa kiasi cha nyuzi 20, na usukume makali mbele kama unayekwangua jiwe, mpaka usikie kwa kidole unyuzi wa chuma uliopindia upande wa pili, hapo geuza.

Ukishakata ndimu, dafu au nyama, kioshe na ukikaushe papo hapo, kwani ukikiacha hadi jioni utakikuta na madoa. Mafuta ya nazi yanafaa kwa ubapa unaogusa chakula, ila usiyatie kiungoni, kwa kuwa huganda na kukusanya mchanga. Usiku kihifadhi ndani ya kitambaa chenye mafuta kidogo, wala si katika ala ya ngozi, ambayo hushika unyevu hadi asubuhi.