Umejitengenezea trela ya kubebea baggi California? Hivi ndo unavyoisajili mpaka upate namba

Wadau mlioko California, hasa nyie wa Riverside na San Bernardino mnaopenda kwenda kucheza na mchanga wikiendi, kila hali ya hewa ikianza kupoa naulizwa swali lilelile: kaka nimeshachomelea trela yangu ya kubebea baggi (kile kigari cha kuchezea mchangani), sasa namba naipataje? Na anayeuliza mara nyingi kashamaliza kazi, rangi imekauka, taa zinawaka, ila ukimuuliza risiti za vyuma ziko wapi anabaki kimya. Kwa hiyo ntaanza na karatasi kabla ya chuma, maana huku trela inatengenezwa mara mbili, mara moja gereji na mara moja dirishani pale DMV, idara ya jimbo inayosajili magari.

Kwanza ujue trela yako inaingia fungu gani. Kama umeitengeneza kwa matumizi yako, sio ya kuuza, na wewe sio kiwanda wala dila mwenye leseni, basi hiyo inahesabika trela ya kujitengenezea, haijalishi umetumia vyuma vipya, vya zamani au umenunua vipande vilivyokatwa tayari ukaunga mwenyewe. Lakini kama ulinunua trela ya kiwandani ikiwa na VIN yake, yaani namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye fremu, ukabadilisha sakafu na kuongeza ngazi za kupandishia, hiyo bado ni trela ileile, isajili kwa namba yake ileile na usithubutu kuikwangua ile namba, kuchezea VIN ni kosa la jinai. Na wewe unayetengeneza mpya usijigongee namba zako kwenye fremu ukidhani umewarahisishia kazi, namba wanatoa DMV wenyewe.

Sasa risiti. Chukua bahasha moja, iandike TRELA, na kuanzia siku ya kwanza kila karatasi iingie humo: chuma, ekseli, springi, kichwa cha kuungia, matairi, taa, breki. Ukinunua dukani ni rahisi, risiti inaonyesha na kodi uliyolipa. Kazi iko kwenye vitu vya mtumba. Mi mwenyewe ekseli yangu ya kwanza nilinunua kwa mzee mmoja uani kwake, nikampa keshi, tukapeana mikono nikaondoka, na nilipokwenda kusajili sikuwa na chochote cha kuonyesha nimeitoa wapi. Ilibidi nirudi kumtafuta yule mzee, na nashukuru Mungu nilimkuta hajahama. Tangu siku hiyo natembea na karatasi za mauziano kwenye gari: jina la muuzaji, jina langu, tarehe, kitu chenyewe, bei, saini. Dakika tano tu. Ukikosa kabisa uthibitisho wa umiliki na chombo kina thamani ya dola 5,000 kwenda juu, wanaweza kukutaka ununue bondi ya dhamana, na hiyo ni gharama ambayo karatasi moja ingekuepushia.

Kabla hujawasha mashine ya kuchomelea kuna maamuzi kadhaa ambayo yanabadilisha usajili na sheria utakazofuata, kwa hiyo yaamue kwenye karatasi kwanza.

La kwanza ni kitanda. Wengi tunatamani trela ya kubeba baggi halafu na kulala humohumo. Ukishaifanya sehemu ya kuishi, DMV wanaihesabu kama trela ya kuishi, na hizo haziingii kwenye ule utaratibu nafuu wa PTI, utambulisho wa kudumu wa trela, ambao nitauelezea chini, unaanza kulipa kila mwaka. Kama lengo lako ni kubeba tu, acha iwe ya kubeba, hema utafunga pembeni.

La pili ni uzito, na hapa naomba utulie kidogo. Trela ya kawaida ikiwa na uzito wa pauni 3,000 au zaidi pamoja na mzigo inatakiwa iwe na breki zake kwenye magurudumu angalau mawili, na trela inayotakiwa kuwa na breki inatakiwa pia iwe na kile kifaa kinachokamata breki chenyewe endapo trela itachomoka kwenye gari. Piga hesabu: baggi ya watu wawili inaweza kukaribia pauni 1,500, ya watu wanne inapita hapo, ongeza mafuta, tairi la akiba, maboksi ya zana, maji ya kunywa ya jangwani, halafu ongeza trela yenyewe ambayo ukijenga kwa chuma kizito inafika pauni 1,000 bila shida. Umeshafika kwenye 3,000 na hujapakia hata jiko. Ushauri wangu ni mmoja, weka breki za umeme hata kama hesabu inakuambia umebakiza pauni mia mbili. Ekseli ya pauni 3,500 ndo imezoeleka, lakini moja ya hizo inakuacha na nafasi ndogo sana, mi naona mbili zenye breki ndo zinampa mtu amani kwenye mteremko. Leseni ya kawaida ya daraja C inakuruhusu kuvuta trela moja yenye uzito wa juu usiozidi pauni 10,000, kwa hiyo upande huo watu wengi mko salama.

La tatu upana. Mwisho ni inchi 102, na ikifika inchi 80 lazima uongeze taa za pembeni za kuonyesha upana na zile taa tatu za katikati nyuma. Pima na mabawa ya juu ya matairi, sio sakafu peke yake.

Kuna jambo jingine halimo kwenye fomu yoyote lakini ndo linaloua watu: ekseli ikae wapi. Baggi nyingi za siku hizi injini iko nyuma ya viti, kwa hiyo ukiipandisha kwa mbele uzito mkubwa unabaki nyuma ya trela, na trela yenye mkia mzito ikifika mwendo inaanza kuyumba kama nyoka na gari linafuata. Uzito unaolalia kwenye mpira wa kuvutia, ile tufe ya chuma nyuma ya gari, unatakiwa uwe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote. Mi nilifunga ekseli kwa vibano tu bila kuchomelea, nikapandisha baggi na tanki limejaa, nikapima uzito wa mbele kwa mzani, nikasogeza ekseli, nikapima tena, mpaka ikakaa sawa, ndo nikachomelea. Ilikula jioni nzima na sijawahi kuijutia.

Haya, trela imekamilika, tuingie DMV. Weka miadi kwenye mtandao, usiende kichwakichwa. Fomu unazohitaji ni hizi: REG 343 ambayo ndo maombi yenyewe ya umiliki na usajili, REG 5036 ambayo ni tamko lako kwamba umeitengeneza mwenyewe na umetumia nini, REG 4017 ya kuingia kwenye PTI, na REG 31 ambayo wewe hujazi, anajaza yule anayekagua trela. Zote zipo kwenye tovuti yao, zichapishe nyumbani ujaze kwa utulivu. Kwenye REG 5036 kuwa mkweli, ekseli ya mtumba andika ya mtumba. Sehemu ya mtengenezaji na mwaka usijiumize kichwa kutafuta jina la kampuni, ni trela ya kujitengenezea na mwaka ni ule uliomaliza. Thamani weka ile inayolingana na risiti zako, maana wanaziangalia pamoja na ukiandika dola 400 wakati bahasha inasema 2,600 utaulizwa na utakosa jibu.

Sasa tatizo ambalo kila mtu analiuliza: trela haina namba, nitaipelekaje kukaguliwa? Unaomba kwanza kibali cha kusogeza chombo, fomu yake ni REG 172, ni cha siku moja, kinakuruhusu kuivuta kwa ajili ya ukaguzi. Kama una rafiki mwenye trela kubwa ya sakafu, unaweza kuibeba juu yake pia. Usivute bila kibali eti ni maili tatu tu, kwa sababu polisi akikusimamisha, trela isiyo na namba wala karatasi inafanana sana na ya wizi.

Kwenye ukaguzi mfanyakazi anatoka nje kuja kuiangalia, analinganisha na ulichoandika. Kwa vile haina VIN, unapewa namba ya jimbo kupitia ombi la REG 124, kinakuja kibao cha namba cha kufunga kwenye fremu. Acha sehemu ya wazi mbele, karibu na ulimi wa trela (ile sehemu ya mbele inayounga na gari), isiyo na vitu vilivyofunika, na kabla ya kufunga toa uchafu na grisi yote. Nenda na taa zote zinawaka, minyororo ya usalama ipo, mabawa ya matairi yapo. Sio kwamba kila kitu wanakipima, ila trela iliyokamilika inamalizwa haraka kuliko ile inayoonekana nusu kazi.

Halafu malipo. Ile PTI California wameitumia tangu mwisho wa mwaka 2001, na kwa kweli ni utaratibu mzuri: unapewa pleti moja ya kudumu, ada yake ya msingi ni dola 20, na baada ya hapo kila miaka 5 unalipa ada ya huduma ya dola 10, na vijiada vingine vidogo juu yake. Linganisha na kulipia gari kila mwaka. Kadi ya kitambulisho inayokuja na pleti itunze, piga picha ubaki nayo kwenye simu, maana ikifika mwaka wa tano wengi washasahau iliko.

Baggi yenyewe ni suala tofauti kabisa. Kupanda kwenye trela iliyosajiliwa hakuifanyi iwe halali kule mchangani, ukienda nayo ardhi ya umma kama Glamis au Johnson Valley inatakiwa iwe na stika yake ya magari ya nje ya barabara kutoka DMV haohao, inayolipiwa kila baada ya miaka miwili. Ukiwa na miadi, omba kushughulikia vyote siku moja.

Bima piga simu kwenye kampuni yako uwaulize mambo mawili: madhara ambayo trela itawasababishia watu wengine yamo kwenye bima ya gari langu? Na trela yenyewe ikiibiwa? Mara nyingi jibu la la pili ni hapana mpaka uongeze.

Barabarani ukishapata namba: mwendo wa juu ukiwa unavuta ni maili 55 kwa saa hata kama pembeni yako wanaruka na 80, na unakaa njia ya kulia kabisa, au njia mbili za kulia pale penye njia nne na kuendelea upande wako. Hakikisha mpira wa kuvutia ni saizi ileile iliyoandikwa kwenye kichwa, wa inchi 2 ukiingia kwenye kichwa cha inchi 2 na 5/16 utaonekana umekaa, halafu kwenye shimo la kwanza unachomoka. Minyororo ipishane kama X chini ya ulimi. Baggi ifunge kwa mikanda minne, miwili mbele miwili nyuma, na baada ya maili 50 za kwanza simama kaza nati za magurudumu tena, ringi mpya huwa zinalegea. Ukishuka Cajon Pass kwenye I-15 weka gia ndogo mapema, usisubiri breki zinuke. Na kule San Gorgonio kwenye I-10 karibu na Banning, pale penye mapanga ya upepo, kama upepo umechachamaa punguza mpaka 45, trela yenye baggi yenye paa inashika upepo kama tanga. Ikianza kuyumba usikanyage breki za gari, achia mafuta na ubonyeze breki za trela kwa mkono kwenye kile kidude cha dashibodi.

Ukisimama kujaza mafuta, gusa kila kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa, kimoja kikikuunguza wakati vingine vimepoa, beringi hiyo inakufa, usiendelee na safari.

Na ukihama nyumba wajulishe DMV ndani ya siku 10, wajulishe na kuhusu trela pia sio leseni peke yake, kwa sababu ile barua ya malipo ya mwaka wa tano inatumwa kwenye anwani waliyonayo.