Somo: Namna ya kumpima mkufunzi wa uuguzi anavyofundisha

Assalamu alaykum wapendwa. Fomu za mwisho wa muhula mara nyingi huuliza kama mhadhiri anawahi na kama sauti yake inasikika. Lakini muuguzi hulelewa wodini, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, pale mkono unapotetemeka na sindano na mwalimu yuko pembeni, au hayupo. Huko ndiko tumpime zaidi.

1. Fomu ziwe mbili: ya darasa na ya wodi. Mtu anaweza kuhadhiri vizuri sana na wodini asionekane.

2. Kwa wodi, anzeni na mafungu matano ya Mogan na Knox, watafiti wa Kanada waliotunga kipimo chao miaka ya 1980: uwezo wa kufundisha, umahiri wa uuguzi wenyewe, namna ya kutathmini, mahusiano na wanafunzi, na hulka. Alama ni 1 hadi 7.

3. Hapa msiharakishe. Kila sentensi itaje kitendo kilichoonekana. "Mwalimu ni mzuri" haipimi kitu. "Alinionesha kuweka mpira wa mkojo kabla sijaweka mwenyewe" inapimika. Sentensi moja, jambo moja: ukiandika "alinisahihisha mapema na kwa heshima", aliyesahihishwa mapema kwa matusi atajibu nini? Wekeni pia kisanduku cha "sikuona", na msikihesabu kuwa sifuri.

4. Fomu zijazwe kabla ya matokeo kutoka, mwalimu akiwa hayupo, na azikusanye mtu asiyefundisha kozi hiyo.

5. Msikimbilie wastani. Wastani wa 4 huweza kuwa wote wametoa 4, au nusu 7 na nusu 1. Hali ya pili ifuatilieni: pengine zamu ya asubuhi ilimpata mwalimu, ya jioni haikumpata kabisa.

6. Mkufunzi mwengine naye aende wodini akaangalie. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kujua kama hatua alizooneshwa ndizo sahihi.

MASUALI

Mwanachama, Unguja: Mwalimu wetu mkali, lakini tunaelewa. Tumpe ngapi?

Jibu: Alama za kufundisha mpeni kamili. Ukali una mstari wake: je, alikufokea mbele ya mgonjwa? Hilo naliona zito, kwa sababu mwanafunzi aliyeaibishwa huogopa kuuliza, na asiyeuliza hukosea dozi.

Mwanachama, Pemba: Kundi letu tuko wanne tu, mwandiko utajulikana.

Jibu: Haki yenu kuhofu, ndugu yangu. Tieni alama za vema tu, maoni yachapwe na mtu mwengine, na majibu yasitolewe mpaka yachanganywe na ya kundi linalofuata.

Mwanachama, Unguja: Mgonjwa naye aulizwe?

Jibu: Kwa ridhaa yake, ndiyo, lakini si kuhusu ufundishaji. Muulizeni kama aliombwa ruhusa kabla mwanafunzi hajamgusa, na kama pazia lilifungwa.