Kuchagua hema la familia la kwenda nalo kambini kwa gari

Namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa hema, iwe “watu 4” au “watu 6”, ni hesabu ya watu waliopangwa bega kwa bega, kila mmoja akiwa amepewa sentimita 50 hadi 60 za upana. Mabegi hayamo kwenye hesabu hiyo. Viatu vya tope havimo, wala mtoto anayelala kimshazari katikati ya wazazi. Anayetafuta hema la familia aiweke namba hiyo pembeni na aulize kwanza: sakafu ina urefu na upana gani?

Pima magodoro kabla ya hema

Godoro la upepo la watu wawili kwa kawaida lina upana wa karibu sm 137 na urefu wa sm 190, na lile linalolizidi hufika sm 152 kwa 203. Mkeka wa kulalia wa mtu mmoja una upana wa kati ya sm 51 na 64. Chukua familia ya wazazi wawili na watoto wawili: godoro moja la sm 137 na mikeka miwili ya sm 60 tayari vimekula sm 257. Sasa angalia hema la “watu 4” lenye sakafu ya sm 240 kwa 210, kipimo cha kawaida kabisa madukani. Matandiko yenyewe hayaenei, achilia mbali mabegi.

Hema la “watu 6” lenye sakafu ya sm 300 kwa 270 ndilo linaloitosha familia hiyo, ila usihesabu sakafu yote. Punguza sm 10 kila upande, kwa sababu kuta za mahema mengi hulala kwa ndani na shuka inayougusa ukuta usiku hulowa. Upana wa 300 unabaki 280, na sm 257 zinaingia. Urefu wa 270 unabaki 250, godoro linachukua 190, na miguuni panabaki sm 60 za kupanga mabegi. Ndiyo maana watu wazoefu husema ongeza wawili juu ya idadi yenu. Hata hivyo kanuni hiyo haichukui nafasi ya futi ya kupimia, kwa kuwa hema mbili zenye namba moja zinaweza kupishana kwa nusu mita.

Kama tarakimu hazikupi picha, weka alama za sakafu ya hema sebuleni kwa kamba au tepu, tandika kila kitu, kisha mlale wote humo kwa dakika tano. Mabishano mengi ya dukani huishia hapo.

Kununua hema la watu 10 kwa ajili ya watu wanne nako kuna hasara zake. Kitambaa kingi hushika upepo mwingi, na kulisimamisha kunahitaji watu wazima wawili wasiosumbuliwa na watoto. Kamba za kuvutia nazo huongeza mita moja au zaidi kila upande, hivyo sakafu ya mita 3 kwa 2.7 huhitaji kiwanja cha karibu mita 5 kwa 5. Kambi nyingi hugawa viwanja vyenye vipimo maalumu. Uliza kabla ya kulipa.

Kimo na umbo

Kwa usiku mmoja, hema la kuinama si tatizo. Kuanzia usiku wa pili, hasa mvua ikiwafungia ndani, mtu mzima anataka asimame wima avae suruali. Tafuta kimo cha sm 180 hadi 200 katikati, kisha uangalie kimo hicho kinaenea hadi wapi, maana hema lenye sm 190 kwenye kitovu peke yake halikusaidii kitu ukiwa kando.

Hema la umbo la kuba, ambalo fito zake hupishana juu, husimama lenyewe hata kabla ya kupigiliwa na hustahimili upepo vizuri. Hema la umbo la chumba lina kuta zilizosimama, kwa hiyo nafasi yote ya ndani inatumika, lakini kuta hizo hizo hupokea upepo kwa kifua. Kwenye eneo la wazi linataka kamba zote zifungwe tangu jioni, si saa nane usiku dhoruba ikishaanza. Hema la umbo la handaki hutoa nafasi kubwa kwa uzito mdogo na mara nyingi huwa na kibaraza kirefu. Hilo halisimami bila vigingi, na lazima upande wake mwembamba uelekezwe upepo unakotoka.

Mahema ya kufunguka haraka, yenye fito zilizokwisha kuungwa, hupendwa na wanaofika kambini giza limeingia. Kabla ya kununua uliza urefu wake likiwa limekunjwa, kwa sababu mengine hubaki na zaidi ya mita moja na hayaingii kwenye buti kwa upana. Nguzo za kujaza upepo ni rahisi kusimamisha, lakini pampu ikisahauliwa nyumbani hamna hema.

Hema la juu ya gari ni habari nyingine. Lenyewe lina uzito wa kilo 50 hadi 80, na keria huwa na kikomo chake gari likiwa kwenye mwendo. Kikomo hicho kimo kwenye kitabu cha gari. Mtoto mdogo atashuka ngazi usiku akitaka haja ndogo, na kila mnapotaka kutoka na gari lazima mlikunje.

Mvua ndiyo inayotenganisha mahema

Siku ya jua kila hema ni zuri. Pesa yako iende kwenye sehemu zinazozuia maji, hata ikibidi uache taa za ndani, mifuko ishirini ya ukutani na pazia la kugawa vyumba.

Anza na kifuniko cha mvua, lile tabaka la nje. Mahema ya bei ya chini huja na kifuniko kama kofia: kinafunika neti ya juu tu na kuacha madirisha nje. Mvua ya kunyooka hakiipitishi, lakini mvua ya upepo huingia kwa ubavu. Chagua kifuniko kinachoshuka hadi karibu na ardhi pande zote, na katikati yake na hema la ndani uweze kupitisha kiganja bila vitu hivyo kugusana.

Kisha soma namba ya uzuiaji maji, inayoandikwa kwa milimita. Namba hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa hukibeba kabla ya kuanza kuvuja. Kwa kifuniko, 1,500 ni kiwango cha chini, na 2,000 hadi 3,000 ni kizuri kwa familia. Sakafu inataka zaidi, 3,000 hadi 5,000 na kuendelea, kwa sababu goti au kiwiko kikiibonyeza sakafu kwenye ardhi iliyolowa, maji husukumwa kwa nguvu kupitia kitambaa. Kuna wauzaji wanaotangaza namba ya sakafu kwa herufi kubwa na kunyamaza kuhusu kifuniko. Ulizia zote mbili.

Namba hizo hazisemi lolote kuhusu mishono, na mishono ndiyo huvuja kwanza. Geuza kifuniko upande wa ndani uangalie kila mshono: unapaswa kuwa na utepe unaong'aa uliobandikwa juu yake, usiobanduka kwenye kona. Pale ambapo utepe haupo, utapaka gundi ya mishono mwenyewe. Soma aina ya utando wa kitambaa, yaani tabaka la kuzuia maji lililopakwa juu yake, kabla ya kununua gundi hiyo. Mahema mengi ya familia yana utando wa poliyurethani, na gundi ya silikoni haiushiki.

Sakafu nzuri hupanda ukutani sm 10 hadi 15 kabla ya kukutana na mshono, hivyo maji yanayotiririka chini hayaukuti. Turubai la kutandika chini ya hema linaongeza maisha ya sakafu, ila liwe dogo kuliko sakafu kwa sm 5 hadi 10 kila upande. Likichomoza nje hukusanya maji ya kifuniko na kuyaingiza chini ya magodoro. Ukisikia mtu analalamika kwamba hema lake jipya linavuja kutoka chini, kwanza liangalie turubai lake.

Kuna maji mengine yasiyotoka nje kabisa. Watu wanne wakilala usiku mmoja hutoa kwa pumzi na ngozi karibu lita moja ya maji, nayo hutafuta kitambaa baridi cha kutulia. Asubuhi mnakuta matone darini na kudhani mvua imepenya. Dawa yake ni hewa: tundu la juu na tundu la chini, yote yakiweza kubaki wazi hata mvua ikinyesha, yaani yawe na kijipaa cha kuyakinga. Hema lenye matundu ya juu peke yake halivuti hewa inavyopaswa.

Kitambaa na fito

Kwa hema linalosafiri kwa gari, poliesta inashinda naironi. Naironi ikilowa hunyooka na kulegea, na jua huichosha mapema. Wepesi wake unamfaa anayebeba hema mgongoni. Turubai la pamba, au la pamba iliyochanganywa na poliesta, hupumua vizuri na halina joto kali mchana. Uzito wake wa kilo 25 hadi 40 gari litaubeba. Likiwa jipya la pamba lilowesheni na kuliacha likauke kabisa kabla ya safari ya kwanza, ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Na lisiwekwe stoo likiwa na unyevu hata kidogo, kuvu litakula pamba. Poliesta yenyewe haiozi upesi, lakini utando wake huharibiwa na unyevu wa kufungiwa, kwa hiyo nayo ianikwe kwanza.

Kwenye hema la mtumba, utando ndio wa kuchunguza. Kunja kona ya kifuniko, upande wa ndani kwa ndani, ubonyeze kwa vidole kwa muda mfupi. Ukinata, ukitoa harufu kali ya kuchacha au kuacha magamba meupe vidoleni, utando umekufa na hakuna gundi itakayoufufua.

Fito za faiba ni za bei nafuu na zinatosha hema la kimo cha kawaida sehemu isiyo na upepo mkali. Zikichoka hupasuka kwa urefu, na vijiti vyake vyembamba huchoma mikono, hivyo zishikwe kwa glavu zikishaanza kuchanika. Alumini hupinda kabla ya kuvunjika, ni nyepesi, na kipande kimoja hubadilishwa kirahisi. Chuma hutumika kwenye mahema ya umbo la chumba. Ni imara, ila rangi ikichubuka kutu huanza. Fito za aina yoyote ziende na kibomba cha akiba cha kuvisha palipovunjika, pamoja na tepu nzito.

Milango, zipu na vigingi

Milango miwili si anasa. Mlango ukiwa mmoja, anayelala ndani kabisa huwapita wengine wote akitoka usiku. Vuta kila zipu kwa mkono mmoja, mara kadhaa, hasa kwenye kona: ikiuma kitambaa dukani, kambini itauma zaidi ikiwa na mchanga. Neti iwe na matundu madogo na iweze kufungwa peke yake bila kufunga mlango, msije mkachagua kati ya mbu na hewa.

Kibaraza chenye paa, cha kina cha mita moja hivi, ndicho mahali pa viatu na mabegi yenye tope. Watu hushawishika kupikia hapo mvua ikinyesha, au kuingiza jiko la mkaa ndani kupasha joto. Msifanye hivyo. Kaboni monoksidi, gesi itokayo kwenye jiko linalowaka, haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini, na poliesta hushika moto kwa sekunde chache.

Vigingi vinavyokuja na hema mara nyingi ni vya waya mwembamba unaopinda kwenye jiwe la kwanza. Nunua vya sm 20 hadi 25 vyenye mbavu kwa ardhi ya kawaida, na vya sm 30 au zaidi, vipana, kwa mchanga. Vipigiliwe kwa mshazari, kichwa kikiinamia mbali na hema.

Kabla ya safari

Pima buti la gari likiwa limepakiwa vitu vingine vya safari, si likiwa tupu, kisha ulinganishe na vipimo vya mfuko wa hema. Halafu lisimamishe hema nyumbani kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha. Hesabu fito na vigingi, funga kamba zote, lala ndani uangalie kama mwanga unapenya kwenye mishono. Mwisho lipige maji ya mpira kwa dakika 15, kutoka juu na kutoka ubavuni, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Maji yakiingia kwenye mshono, anika hema na upake gundi. Yakipita kwenye kitambaa chenyewe, likaushe, likunje, ulirudishe dukani.